Tunza Chombo Chako: Oili ya Pikipiki Ibadilishwe Lini?



Mwezi huu tutazungumza habari za oili ya injini. Siku hizi pikipiki zimeingia vijijini kwa wingi. Hubeba wagonjwa kwenda zahanati. Hubeba mahindi, maziwa, mbolea na abiria. Kazi ni nyingi na barabara ni mbaya. Basi watu huuliza: oili ibadilishwe baada ya muda gani? Mmoja atakuambia kila wiki. Mwingine atakuambia ngoja mpaka iwe nyeusi. Wa tatu hakumbuki aliibadilisha lini mara ya mwisho. Huyo wa tatu ndiye tunayemhofia zaidi.

Tuanze na kazi ya oili. Ndani ya injini chuma husuguana na chuma. Pistoni hupanda na kushuka katika silinda maelfu ya mara kwa dakika moja. Oili hukaa katikati ya vyuma hivyo ili visilane. Pia huondoa joto na kubeba uchafu. Pikipiki nyingi za kwetu hazina maji ya kupozea injini. Hutegemea upepo na oili. Tena oili hiyo hiyo ndiyo inayolainisha gia na klachi. Gari dogo huwa na lita 4 hivi za oili. Pikipiki ndogo ina kama lita 1 tu, na lita hiyo moja inafanya kazi zote hizo. Kwa hiyo usichukue hesabu ya gari ukaitumia kwa pikipiki.

Oili huchoka. Joto huiharibu. Vumbi, masizi, petroli kidogo na chembe za chuma huingia ndani yake. Dawa zilizotiwa kiwandani nazo huisha nguvu. Lakini rangi peke yake haitoshi kukuambia. Oili nzuri huweza kuwa nyeusi mapema kwa sababu inabeba masizi, na hiyo ni kazi yake. Oili nyingine huonekana safi, kumbe imeingiwa na petroli na kuwa nyepesi. Dawa ni kuhesabu.

Kila pikipiki ina kitabu chake kutoka kiwandani. Kitabu kinasema oili ibadilishwe baada ya kilomita ngapi. Hesabu hizo si sawa kwa pikipiki zote. Pikipiki mpya hubadilishwa oili mapema zaidi mara ya kwanza, kwa sababu vyuma vyake vinazoeana na kutoa chembe. Kama umenunua pikipiki bila kitabu, muulize muuzaji au fundi wa aina hiyo ya pikipiki, kisha uandike anachokuambia.

Lakini spidomita yako imekufa, utahesabuje? Tufanye mfano. Tuseme kitabu kinasema kilomita 2,000. Kutoka kijijini hadi barabara kuu ni kilomita 14. Kwenda na kurudi ni 28. Kwa siku unakwenda mara 3, yaani kilomita 84. Kwa siku 6 za kazi ni 504. Kwa wiki 4 ni 2,016. Basi oili yako ni ya wiki 4, haizidi hapo. Chukua daftari. Andika tarehe uliyobadilisha, na tarehe ya kubadilisha tena. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja.

Hiyo ni hesabu ya kazi ya kawaida. Kama barabara ni vumbi jingi, au unapanda milima na magunia, au unapakia mishikaki (jambo ambalo sheria inakataza), usingoje wiki zote 4. Badilisha mapema, hata baada ya wiki 2 au 3. Safari fupi fupi nazo huchosha oili. Injini haipati moto wa kutosha, na maji na petroli hubaki ndani ya oili.

Hapa pana jambo linaloleta ugomvi. Vijana wengi huendesha kwa mkataba. Kijana hupeleka hesabu kwa mwenye chombo mpaka muda uishe, kisha pikipiki inakuwa yake. Siku ya oili hufika siku ambayo hesabu haijatimia. Kijana anasema, ‘Nitabadilisha wiki ijayo.’ Mwenye chombo anaona hesabu imefika, hana swali. Miezi inapita. Injini inaanza kutoa moshi wa samawati na kula oili. Sasa inatakiwa pistoni, ringi, na silinda kuchongwa. Nani atalipa? Mzee anasema kijana ameua chombo. Kijana amebakiza miezi miwili apate chombo hicho. Sisi tunaona afadhali mkataba uandike wazi nani ananunua oili, na daftari la oili lionyeshwe kila hesabu inapopelekwa.

Kubadilisha peke yake hakutoshi. Oili hupungua njiani. Ipime kila asubuhi kabla ya kuwasha. Simamisha pikipiki wima mahali tambarare. Futa kijiti cha kupimia, kirudishe, kitoe tena uangalie. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikizidi sana nayo ni hasara. Angalia katika kitabu kama kijiti kikazwe au kiegeshwe tu wakati wa kupima, maana aina hutofautiana.

Dukani, soma kopo. Utaona namba kama 20W-50. Namba hizo zinaonyesha uzito wa oili, nazo zilingane na kitabu chako. Tafuta pia maandishi JASO MA. Hiyo ni oili inayofaa klachi iliyomo ndani ya oili. Baadhi ya oili za magari hufanya klachi kuteleza. Na oili ya kupima kutoka chupa ya maji? Hujui ni ya aina gani, wala kama imekwisha kutumika. Tunakushauri uiache.

Wakati wa kumwaga, injini iwe na moto kidogo ili oili itoke vizuri pamoja na uchafu wake. Angalia usiungue. Safisha chujio kama pikipiki yako inalo la kusafisha. Kaza boliti, lakini usitumie nguvu zote, maana nyuzi zake huchunika.

Oili chafu usiimwage chini, hasa karibu na kisima au mto. Ina sumu. Usiipake ng’ombe kuua kupe, wala usiipake kwenye kidonda. Wengine huipaka kwenye nguzo kuzuia mchwa, lakini mvua huiosha ikaingia ardhini. Iweke katika dumu lenye kifuniko, mbali na watoto, kisha uulize gereji ya mjini kama wanaipokea.