Mwacha Asili ni Nani?

Katika vijiji vya Ayalandi liko jambo moja ambalo huzusha maneno kila litokeapo. Mtu aliyecheza raga miaka mingi, akapata sifa na mshahara, hustaafu. Kisha, badala ya kukaa barazani akisimulia mechi alizoshinda, huenda kwenye klabu ya parokia na kuomba nafasi katika kandanda ya Kigaeli. Ombi lake ni dogo, lakini makelele yanayolipokea ni makubwa. Wako wasemao kwamba mtu huyo alikwisha chagua, na kwamba aliyekula sahani ya jirani hana haki ya kurudi nyumbani kudai fungu. Wako na wengine wambebao mabegani, wakataka avishwe jezi ya kikosi cha kwanza Jumapili ile ile, kwa kuwa jina lake linajulikana Paris na Auckland. Makundi haya mawili hugombana daima, ilhali kosa lao ni moja: yote mawili humtazama mtu, wala hayautazami mchezo.

Hoja ya kundi la kwanza yafaa isikilizwe kwa adabu, maana ina damu ndani yake. Chama cha Michezo cha Wagaeli kiliasisiwa katika mji wa Thurles tarehe 1 Novemba 1884, wakati Ayalandi ilipokuwa chini ya himaya ya Uingereza. Kusudi lake halikuwa kuwaburudisha vijana tu, bali kulirudishia taifa lililodharauliwa michezo yake na heshima yake. Tarehe 21 Novemba 1920 majeshi ya serikali ya Uingereza yaliingia katika uwanja wa Croke Park, mjini Dublin, yakawafyatulia risasi watu waliokuwa wakitazama mechi baina ya Dublin na Tipperary. Watu 14 walipoteza maisha, na mmoja wao alikuwa Michael Hogan, mchezaji wa Tipperary, ambaye jukwaa moja la uwanja huo lingali likiitwa kwa jina lake. Mtu aijuaye habari hiyo hawezi kumcheka mzee wa kijijini auitaye mpira wa raga mchezo wa watawala. Mzee huyo, lau angejua Kiswahili, bila shaka angesema: mwacha asili ni mtumwa.

Walakini methali ni kama panga. Yategemea imeshikwa na nani, na inakata nini. Asili hiyo ni ipi? Michael Cusack, aliyekuwa wa mbele katika kukiasisi chama, alikuwa mwenyewe amecheza raga na kriketi kabla ya mwaka huo wa 1884. Kama kuugusa mpira wa Kiingereza ni najisi isiyotoka, basi chama kilianzishwa na mtu mwenye najisi, na hapana mrithi wa chama hicho awezaye kujidai usafi kuliko mwasisi wake. Cusack hakuvipenda vitu vya nyumbani kwa sababu hakuvijua vya ugenini. Alivijua vyote, akachagua. Uchaguzi wa namna hiyo una thamani. Kinyume chake ni uchaguzi wa mtu aliyefungiwa mlango, akajisifu kwamba hakutoka nje.

Na mlango ulifungwa kweli. Katika kanuni za chama mlikuwamo marufuku dhidi ya michezo iliyoitwa ya kigeni: raga, soka, kriketi na mpira wa magongo. Mwanachama aliyeicheza, au hata aliyeitazama tu, aliweza kufukuzwa. Marufuku hiyo iliwahi kuondolewa, ikarudishwa mwanzoni mwa karne ya 20, nayo ikadumu mpaka mwaka 1971. Zilikuwako kamati za ulinzi zilizopeleka watu viwanjani kuchungulia ni nani kati ya wanachama aliyekuja kutazama mechi ya raga. Mchunguzi aliruhusiwa kuketi pale alipokatazwa ndugu yake kuketi, ili apate kumshitaki. Mchezo ulioanzishwa ili watu watembee wima ukawafunza baadhi yao kunyatia.

Wasomi wa lugha hawana budi kukaa na mfano mmoja wa marufuku hiyo, maana unawahusu. Douglas Hyde alikuwa mwanachuoni aliyekusanya hadithi na mashairi ya Kigaeli kutoka vinywani mwa wanavijiji, na mwaka 1893 akawa rais wa kwanza wa jumuiya iliyoundwa kuihifadhi lugha hiyo. Ayalandi ilipopata rais wake wa kwanza mwaka 1938, rais huyo alikuwa yeye. Katika Novemba ya mwaka huo huo alikwenda, kama ilivyompasa mkuu wa nchi, kutazama mechi ya soka baina ya Ayalandi na Poland. Haukupita muda, Chama cha Michezo cha Wagaeli kikamvua cheo chake cha ulezi wa chama. Mzee wa miaka 78, aliyeutumia umri wake kuitetea lugha ya taifa, akaonekana hafai kuwa mlezi wa michezo ya taifa kwa sababu ya dakika 90 alizokaa kitini! Hapo sheria ilijihukumu yenyewe. Maana lugha haikuhifadhiwa kwa kuwafukuza waliosikia Kiingereza. Ilihifadhiwa, kwa kadiri ilivyohifadhiwa, na watu mfano wa Hyde waliosikiliza, wakaandika, wakafundisha. Marufuku ya mpira haikumfundisha mtoto hata mmoja kutamka neno moja la babu zake.

Iliwafundisha vijana kitu kingine, nacho ni hila. Moss Keane wa kaunti ya Kerry alikuwa kijana wa kandanda ya Kigaeli. Alipoanza kujaribu raga chuoni, kabla ya mwaka 1971, alicheza kwa jina la uongo, akijiita Moss Fenton, ili asijulikane. Baada ya marufuku kufutwa alicheza kwa jina lake, akaiwakilisha Ayalandi mara 51. Je, taifa lilipata faida gani kwa kumlazimisha kijana wake kulikana jina la baba yake ili acheze mpira? Hao wapendao kutaja asili na waseme: ni nani hapo aliyemtenga mtu na asili yake, raga ama sheria?

Ikiwa marufuku ilikufa mwaka 1971, mtu ataweza kuuliza kuna haja gani kuipiga vita leo. Haja ipo, kwa sababu sheria hufutwa katika kitabu kwa siku moja, lakini katika nyoyo huchukua vizazi. Mwaka 2005 chama kilikubali kuifungua Croke Park kwa michezo mingine kwa muda, na tarehe 24 Februari 2007 timu ya raga ya Ayalandi iliishinda Uingereza humo kwa pointi 43 kwa 13. Wimbo wa taifa la Uingereza ulipigwa uwanjani pale pale palipomwagika damu mwaka 1920, na watu wakausikiliza kwa utulivu. Waliofanya hivyo hawakuwa wamesahau, walikuwa wamekua. Lakini bado mchezaji mmoja wa raga akirudi katika klabu ya parokia, ile kamati ya ulinzi huzuka upya, safari hii bila daftari wala cheo.

Na atazamwe Rob Kearney. Alizaliwa mwaka 1986, akalelewa katika rasi ya Cooley, kaunti ya Louth, akacheza kandanda ya Kigaeli katika klabu ya Cooley Kickhams na katika timu ya vijana ya kaunti yake. Kisha akaingia raga ya kulipwa. Aliichezea Ayalandi mara 95, akashiriki katika ushindi wa mechi zote za Mataifa Sita mwaka 2009 na tena mwaka 2018. Sifa yake kubwa ilikuwa kuudaka mpira uliopigwa juu sana, huku wapinzani wakimjia mbio. Na ustadi huo ni ustadi wa kandanda ya Kigaeli tangu zamani. Alipostaafu raga mwaka 2021 alirudi Cooley. Basi mtu huyu aliacha asili gani? Aliibeba mikononi, akaionyesha dunia, akairudisha mahali alipoitoa. Anayemwita msaliti amelitumia neno hilo vibaya, na neno likitumiwa vibaya mara nyingi, siku msaliti wa kweli atakapofika halitakuwa na makali.

Mpaka hapa kundi la pili litakuwa limeanza kupiga makofi. Na lisiharakishe, maana hukumu yake inafuata, na si nyepesi.

Kundi hilo husema: mpira ni mpira; mwenye mbio, nguvu na moyo wa ushindi ataweza mchezo wowote. Maneno hayo ni matusi kwa kandanda ya Kigaeli, ijapokuwa yanasemwa na wapenzi wake. Mchezo huo una sheria zake na elimu yake. Mpira wake ni mviringo, si wa mfano wa yai. Mchezaji haruhusiwi kwenda nao zaidi ya hatua nne bila kuudundisha chini au kuupiga kwa ncha ya mguu ukarudi mikononi, wala haruhusiwi kuudundisha mara mbili mfululizo. Haruhusiwi kuutupa kama mpira wa raga. Pasi ya mkono yapasa ipigwe kwa ngumi au kiganja, na pigo lionekane. Katika raga pasi ya mkono hairushwi mbele. Katika kandanda ya Kigaeli mpira huenda kokote, na hapana kuotea kule kunakompanga mchezaji wa raga nyuma ya mpira maisha yake yote. Uwanja wenyewe una urefu wa mita 130 hadi 145, nao ni mpana kuliko wa raga, hivyo mwili uliojengwa kwa migongano mifupi hujikuta jangwani.

Lililo zito zaidi ni hili. Tendo la heshima kubwa katika raga ni kumkumbatia mpinzani mwenye mpira na kumwangusha chini. Katika kandanda ya Kigaeli inafaa kugombea kwa bega kwa bega, na kuupiga mpira utoke mikononi mwa mwenzio. Lakini kumkumbatia mtu na kumwangusha ni kosa, na akifanya makusudi huonyeshwa kadi nyeusi iliyoanza kutumika mwaka 2014, ambayo tangu mwaka 2020 humtoa nje kwa dakika 10. Maana yake, kile alichosifiwa miaka 15 ndicho atakachoadhibiwa, na mwili wake utakitenda kabla akili haijakumbuka. Kujifunza jambo jipya ni kazi. Kulisahau la zamani ni kazi mara mbili. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mstaafu wa miaka 35 si samaki mbichi.

Ndiyo sababu safari ya kutoka kandanda ya Kigaeli kwenda raga imekuwa na wasafiri wengi, na ya kurudi ina wachache. Mick Galwey alitwaa ubingwa wa Ayalandi nzima pamoja na Kerry mwaka 1986, kisha akawa nahodha na nguzo ya raga. Aliondoka akiwa kijana. Naye Kearney, aliporudi akiwa mtu mzima, alirudi kwenye jambo alilolijua tangu utoto. Mchezaji wa raga ambaye hakupata kuicheza kandanda hiyo utotoni hana pa kurudi. Huyo ni mwanafunzi wa darasa la kwanza mwenye ndevu, na anayemwambia vingine anamdanganya.

Tena iko haki ya watu wengine. Kandanda ya Kigaeli haina mshahara, wakati raga ya wanaume imekuwa kazi ya kulipwa tangu mwaka 1995. Kijana wa parokia hufanya mazoezi jioni baada ya kazi, katika mvua na baridi, bila senti, akitumaini kuvaa jezi siku ya mashindano. Kocha akimweka benchi ili jina kubwa lipate nafasi, amemnyang'anya malipo pekee yaliyokuwapo. Heshima aliyoichuma mtu katika mchezo mmoja si sarafu ya kununulia nafasi katika mwingine. Mwanachuoni wa sheria haingii chumba cha upasuaji kwa shahada yake ya sheria.

Basi mstaafu na afunguliwe mlango, lakini uwe mlango wa wanafunzi. Vilabu vina vikosi vya daraja la chini; aanzie huko. Ahesabu hatua nne mpaka miguu ihesabu yenyewe. Akubali kupokonywa mpira na mvulana wa miaka 19 asiyemjali. Akipanda, apandishwe na uwezo wake. Akishindwa, aheshimiwe kwa kujaribu, wala pasiwe na mtu wa kumwambia kwamba ameadhibiwa na mizimu ya mwaka 1920. Viko vilabu vya mashambani ambavyo vijana wao wamehamia mijini na ng'ambo, hata kutimiza watu 15 Jumapili kumekuwa taabu. Kwa vilabu hivyo wazee wa Kiswahili walikwisha sema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Na msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba kisa hiki ni cha mbali. Raga ililetwa Kenya na walowezi, ikachezwa kwanza katika vilabu vyao. Na mwaka 2016 vijana wa Kenya walitwaa kombe la wachezaji saba kule Singapore, wakiwafunga Fiji katika fainali. Hawakuupata mchezo huo kwa kuzaliwa nao wala kwa hisani ya aliyeuleta. Waliupata kwa mazoezi, na hiyo ndiyo hati pekee ya kuumiliki mchezo. Mstaafu asimamaye leo kando ya uwanja wa parokia, viatu mkononi, yafaa aulizwe hati hiyo hiyo, wala asiulizwe nyingine.