Digikamu Si Vaibu Tu: Kabla Ununue, Fungua Droo ya Nyumbani

Nasema hivi na mnitukane kwa komenti: wengi wenu mnaonunua digikamu saa hii mnanunua kitu kizuri kwa sababu mbovu. Na nyinyi mnaowacheka, ati "simu yangu ina megapikseli hamsini, hiyo takataka ni ya nini," hamjui mnacheka nini. Leo nagombana na pande zote mbili. Chukua chai, kaa.

Kwa wale wamechelewa: digikamu ni zile kamera ndogo za dijitali za kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 hadi karibu 2010. Canon Ixus, Sony Cyber-shot, Nikon Coolpix, Fujifilm FinePix, Kodak EasyShare. Zile abti alikuwa anakuja nazo kutoka Nairobi ama Dubai zikining'inia mkononi kwa kamba, na mtoto akizigusa anachapwa. Mwaka 2010 kampuni za kamera za dijitali ziliuza zaidi ya kamera milioni 120 duniani. Halafu simu zikafika, biashara ikaanguka vibaya, na hizo kamera zikaenda kulala kwenye droo.

Sasa zimeamka. Kila ukifungua TikTok kuna msichana amepigwa picha usiku, flashi imemwaga mwanga usoni, nyuma giza tupu, na chini ameandika "2006". Dada, 2006 ulikuwa unatambaa.

Bei nayo imekuwa wazimu. Muuzaji mmoja mtandaoni aliniambia elfu kumi na tano kwa kamera isiyo na chaja wala kadi. Nikamuuliza, inawaka? Akanijibu, "Ni ya zamani, dada, ndio maana bei iko hivyo." Sikuuliza bei. Niliuliza kama inawaka.

Tuanze na uongo mkubwa: rangi. Mnaambiwa kamera hizi zina kihisi cha CCD, kile kidude ndani kinachopokea mwanga, na ati CCD ina rangi za ajabu ambazo simu haziwezi. Hapana. Rangi ya picha inatoka sana kwa programu ya ndani ya kamera, yaani jinsi wahandisi wa kampuni walivyoamua ngozi ionekane na anga ionekane. Kile mnapenda ni flashi. Simu yako ina kataa ka LED, dhaifu. Digikamu ina flashi ya xenon, mlipuko wa mwanga wa sehemu ndogo sana ya sekunde. Huo ndio unaganda mtu akiwa katikati ya kucheka, na ndio unafanya nyuma yake kuwe kweusi. Kama vaibu yako ni hiyo, sema unapenda flashi. Usitufunze sayansi ya uongo.

Lakini kuna nguvu ya kweli ambayo wauzaji hawaitaji. Simu ya leo haipigi picha moja. Inapiga kadhaa kwa mkupuo, inaziunganisha, inalainisha uso, na nyingine inakuongezea weupe bila kukuuliza. Digikamu inapiga mara moja, inaandika ilichokiona, basi. Jasho liko, hina iko, kovu la utotoni liko. Kwa msichana mweusi ambaye amekua akiona filta zikimbadilisha uso, hiyo si kitu kidogo.

Sasa nguvu kubwa zaidi, na hii wasee wa Nairobi hawawezi kukwambia. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kitu kinanilisha ni kupiga picha harusi upande wa wanawake. Zamani za filamu, ukimaliza reli unaipeleka studio ikaoshwe. Nani anaosha? Mwanaume usiyemjua. Yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuona bibi harusi bila hijabu, na dada zake, na mama yake akicheza buraanbur. Kwa hivyo familia nyingi ziliacha tu. Habaryar ana albamu nzima ya harusi ambayo wanawake wote wamejifunika kama wako sokoni, kwa sababu kila mtu alijua picha itapita mikono ya nani.

Digikamu ilivunja hiyo. Mwanamke mmoja ameshika kamera, wengine wanachungulia kioo kidogo nyuma, "Hii futa! Hii weka!" Picha haikutoka chumbani. Kwa wanawake wa huku, hayo yalikuwa mapinduzi, na hakuna mtu aliyeyaandika.

Na mpaka leo inashinda simu hapo hapo. Kwenye aroos nyingi sasa simu zinakusanywa mlangoni, na wanaokusanya wako sawa kabisa, kwa sababu picha ikiingia kwenye kundi moja la WhatsApp haitarudi. Digikamu haina laini. Haina wifi. Haijui kutuma. Mwisho wa sherehe nampa mama wa bibi harusi kadi mkononi na kazi yangu imekwisha. Kile kitu mnaita udhaifu wake, ati haiingii mtandaoni, kwetu ndicho kinachofungua mlango.

Haya, mashabiki wa digikamu, msishangilie sana. Zamu yenu.

Kamera hizi zilianza vibaya. Mwaka 1975 mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, alitengeneza kamera ya dijitali ya megapikseli 0.01, na picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Mwaka 1994 Apple walileta QuickTake 100: kwa ubora wake wa juu ilibeba picha nane. Nane! Sony Mavica ya 1997 ilikuwa inahifadhi kwenye floppy. Ni kufikia karibu 2000 ndipo megapikseli mbili zikawa kitu cha kawaida, na hizo zinatosha picha ya kushika mkononi, ile saizi ya postikadi. Ukitaka kubwa ya kuning'iniza sebuleni, unaning'iniza ukungu.

Halafu leta hiyo kamera Garissa. Saa saba mchana, jua liko juu ya kichwa, mtu mweusi amesimama mbele ya ukuta mweupe. Kamera inapima mwanga wa kila kitu kwa pamoja, inaona weupe mwingi, inapunguza. Uso unakuwa kivuli chenye meno. Ukiwasha flashi kwa karibu, paji la uso linang'aa kama sufuria na hijabu nyeupe inaungua kabisa, hakuna mkunjo hata mmoja. Kihisi ni kidogo, hakiwezi kubeba mwanga mkali na giza kwa wakati mmoja. Kama unayo, itoe baada ya alasiri. Kabla ya hapo unapoteza betri.

Betri nazo! Kabla Garissa kuunganishwa na gridi ya taifa tulitegemea jenereta za dizeli, na stima ilikuja na kwenda ilivyotaka. Kamera yenye betri yake maalum ikizima katikati ya Idi, Idi imeisha. Zile za betri za tochi zilizimaliza kama njugu. Vumbi letu linaingia kwenye lenzi ile inayotoka na kurudi, chembe moja tu ya mchanga na inakwama nusu. Joto nalo: mwaka 2005 Sony wenyewe walitangaza kwamba baadhi ya vihisi vyao vya CCD vinaweza kuharibika mahali penye joto na unyevu, na vilikuwa ndani ya kamera za kampuni nyingi, si zao tu. Picha inageuka zambarau, ama inatoka nyeusi kabisa. Kwa hivyo ukiuziwa CCD kama dhahabu, uliza ilikaa wapi miaka ishirini.

Lakini yote hayo ningesamehe. Dhambi ya digikamu ambayo sisamehi ni hii: ilitufundisha kupiga, haikutufundisha kuweka.

Filamu ilikulazimisha uoshe. Ukishaosha una karatasi, na karatasi inakaa kwenye sanduku la ayeeyo miaka arubaini. Digikamu ilikupa picha mia mbili kwa siku moja, ukaziangalia kwenye kioo kidogo, ukafurahi, ukaweka kamera kabatini. Kisha chaja ikapotea. Na kampuni kadhaa zilikuwa na kadi zake tofauti: Sony na Memory Stick, Olympus na Fujifilm na kadi za xD, nyingine SmartMedia ambayo mwisho wake ni MB 128. Leo nani ana kifaa cha kusoma xD? Na zile kadi si jiwe. Zikikaa miaka mingi bila umeme, zinaweza kuanza kupoteza kilicho ndani. Zile CD za harusi mlizochomewa studio, zikae kwenye joto letu ndani ya karatasi ya plastiki, zinakufa pia.

Kwa hivyo angalia kilichotokea. Picha za Garissa za 1985 ziko, za karatasi. Picha za juzi ziko, kwenye simu. Za kati ya 2000 na 2010 ziko wapi? Watoto wa madrasa wa mwaka ule, ndugu aliyeenda Ulaya akakaa, babu kabla ya kiharusi. Wako kwenye droo, ndani ya kidude cha ukubwa wa ukucha, wanafutika.

Na usiniambie ni picha tu. Mwaka 2006 huku tulitoka kwenye ukame mkali tukaingia kwenye mafuriko. Picha zinazojulikana za mwaka huo ni za wageni: mizoga ya ng'ombe, kambi za Dadaab, foleni za maji. Tafuta "Garissa" mtandaoni sasa hivi uone unachopewa: shambulio, ukame, mafuriko, kambi. Hayo yalitokea, sikatai. Lakini mwaka huo huo watu walioa, walifungua maduka, watoto walipata nguo mpya za Idi, na kulikuwa na mtu wa nyumbani amesimama pale na Cyber-shot. Ushahidi wa maisha yetu ya kawaida tulipiga wenyewe. Ni kwamba umefungiwa kwenye kadi ambayo hakuna mtu anaifungua.

Sisi hasa tusicheze na hili. Kwa miaka mingi kijana wa huku akitaka kitambulisho alikuwa anasimamishwa mbele ya kamati aeleze ni mtoto wa nani na alizaliwa wapi. Ni Februari 2025 tu ndipo rais, akiwa Wajir, alitangaza kuondoa huo msako. Picha ya familia haikuwa hati ya serikali na sisemi ilikuwa. Nasema watu walioulizwa muda mrefu hivyo "nyinyi ni kina nani?" hawana ruhusa ya kutupa jibu lao kwenye droo.

Na karatasi nazo haziko salama. Mto Tana ulipofurika mwisho wa 2023, na tena 2024, nyumba zilizo karibu na mto ziliingiliwa na maji. Kuna familia zilitoa magodoro na watoto, albamu zikabaki.

Kwa hivyo kabla utume elfu kumi na tano kwa mtu usiyemjua, fanya hivi wikendi hii:

Moja. Fungua droo zote. Tafuta kamera, kadi, simu za zamani, CD. Ukiweka kadi na kamera ikuulize kama unataka kuifomati, jibu ni HAPANA. Toa kadi, tafuta kifaa cha kuisoma. Fundi wa simu ama mtu wa saiba wengine wanacho.

Mbili. Nakili kila kitu sehemu mbili tofauti, nyumba mbili tofauti. Mto hausomi majina kwenye milango.

Tatu. Kaa na ayeeyo ama eddo, pitisha picha moja moja, andika: huyu nani, hapa wapi, mwaka gani. Usiamini tarehe iliyoandikwa pembeni ya picha. Kabetri ka ndani kakiisha, saa ya kamera inarudi mwanzo, na harusi ya Desemba inasoma Januari mosi.

Nne. Picha za wanawake wa familia si maudhui yako. Uliza. Ukiambiwa hapana, ni hapana.

Tano. Chagua kumi, zioshe karatasi.

Ukimaliza hayo na bado unataka kununua, nunua kwa akili. Tafuta inayotumia kadi za SD, na kumbuka zile za kabla ya 2006 nyingi hazisomi kadi zaidi ya GB 2. Muuzaji aiwashe ukiona, lenzi itoke na irudi, apige picha jua na kivuli. Hana chaja? Basi anauza pambo.

Najua kuna mtu ataandika, "Wewe umeacha chuo, nani alikufanya mtunza historia?" Hakuna. Ndio shida yenyewe, hakuna mtu amepewa hiyo kazi, na kadi hazisubiri mtu ateuliwe.

Kwa hivyo walalo, wiki hii sitaki kuona digikamu uliyonunua. Kwa komenti niandikie ulichokuta kwenye droo: mwaka gani, mahali gani, na nani alikuwa ameshika kamera.