Faharasa nyingi nazo ni mzigo

Ndugu mwandishi, makala yako kuhusu faharasa za hifadhidata ni nzuri, ila hujagusa gharama zake. Kila rekodi mpya inapoingia kwenye jedwali, faharasa zake nazo husasishwa. Zikirundikana, kusoma kunakwenda mbio huku kuandika kunasuasua. Mpangilio wa safu wima ndani ya faharasa pia una uzito. Katika MySQL, faharasa iliyoanza na mkoa ikafuatiwa na tarehe kwa kawaida haimfai anayetafuta kwa tarehe peke yake. Na anayetafuta majina yanayoishia na "juma" kwa LIKE '%juma' hapati msaada wa faharasa ya kawaida ya B-tree. Jedwali lote litapitiwa. Wenzangu, kabla ya kuongeza faharasa, endesheni EXPLAIN kwanza muone ulizo linapita njia ipi.