Kabureta nne kwa moja: Hesabu itangulie spana

WAHENGA walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Msemo huo unawahusu wamiliki wa pikipiki kuukuu za safari ndefu, hasa Honda Gold Wing za miaka ya 1970 na 1980. Huko Marekani, baadhi yao wameng'oa kabureta nne za kiwandani na kufunga moja tu.

Gold Wing ya kwanza, GL1000, iliingia sokoni mwaka 1975. Injini yake ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na kila silinda ina kabureta yake. Mpango huo uliendelea katika GL1100 ya mwaka 1980 na GL1200 iliyotengenezwa hadi mwaka 1987.

Zikiwa nzima, kabureta hizo hufanya kazi vizuri. Taabu huanza pikipiki ikizeeka na kukaa bandani miezi kadhaa. Petroli hukauka na kuacha utando unaoziba jeti, mipira hukakamaa na hewa huvuja. Fundi akishazisafisha zote nne, bado anatakiwa kuzilinganisha kwa geji ili kila moja ivute sawa na wenzake. Kazi hiyo ikifanywa ovyo, injini hutetemeka na kunywa mafuta.

Hapo ndipo kabureta moja inapovutia. Mabomba manne ya kuingizia hewa huunganishwa juu ya injini, mahali panapoonekana kama tangi, kwani tangi halisi la Gold Wing liko chini ya kiti. Kisha hufungwa kabureta ya gari dogo, kwa mfano ya Volkswagen Beetle, ambayo nayo ina silinda nne zilizolala. Boya ni moja, jeti ni chache, na kazi ya kulinganisha imekwisha.

Lakini urahisi huo una bei yake. Kabureta ikiwa katikati, petroli husafiri mbali kufika silindani. Injini ikiwa baridi, matone hunata kwenye kuta za bomba na silinda hupata mafuta kidogo kuliko inavyostahili. Waliounda Beetle walilijua hilo, wakapitisha joto la ekzosi kwenye bomba la kuingizia hewa. Anayehamisha kabureta bila kuhamisha joto atahangaika kila asubuhi ya baridi. Tena jeti zilizopimwa kwa gari hazifai pikipiki mpaka zijaribiwe na kubadilishwa, na kila jaribio ni fedha na muda.

Kubwa zaidi ni kwamba kabureta huweza kulaumiwa kwa kosa la mwingine. Plagi mbovu, koili iliyochoka, vali zisizorekebishwa au kompresheni iliyoshuka huleta dalili zilezile, na hakuna kabureta mpya inayoponya hayo. Injini hizo pia zina mikanda miwili ya taimingi. Mkanda ukikatika, vali hugonga pistoni na injini huharibika. Mwenye kumaliza akiba yake kwenye kabureta huku mikanda ikiwa ya miaka 20 ni sawa na anayepaka rangi nyumba ambayo nguzo zake zimeliwa na mchwa.

Kwa hiyo kabureta moja si kosa, ila ina mahali pake. Inafaa pale ambapo zile nne zimeoza au kupasuka, na mwenye pikipiki anaridhika na mwendo wa kawaida. Kama zimechafuka tu, kuzisafisha na kubadilisha mipira ni busara zaidi.

Mkulima mwenye pampu ya kumwagilia na mfanyabiashara mwenye bodaboda wana somo hapa, ingawa mashine zao zina kabureta moja tangu kiwandani. Mashine ikigoma, ukaguzi uanzie kwenye plagi, chujio la hewa, mafuta na kompresheni, ndipo kipuri kinunuliwe. Na kabla ya kukubali mabadiliko makubwa, daftari liandikwe mambo matatu: bei ya kipuri, ujira wa fundi, na siku ambazo mashine italala bila kuingiza kitu. Hilo la tatu ndilo husahaulika, na shamba lenye kiu halimsubiri fundi anayejaribu jeti.