Hakuna Ethi, Hakuna Muziki

Wasomi wenzangu, mambo ya bumu na matokeo tumeshayajadili vya kutosha. Leo naomba tuzungumze kuhusu plagi.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kilindoni, Mafia. Binamu yangu anaoa, na mimi kwa kuwa ndiye "wa chuo", nikakabidhiwa amplifaya ya gitaa. Tatizo ilikuwa inavuma, mmmmm, ukiongeza sauti na mvumo nao unaongezeka. Mjomba akaniita: "We si msomi? Hebu tuondolee hilo, linatuharibia shughuli." Nikafungua plagi ya pini tatu, nikachomoa waya wa ethi. Kimya! Mjomba akanisifia mbele za watu.

Usiku mpiga gitaa akasogea kuimba. Midomo ilipogusa maiki, alirushwa nyuma, gitaa chini. Watu wakacheka wakidhani ni mbwembwe. Ashukuriwe Mungu aliinuka, ila mkono ulikuwa na ganzi mpaka asubuhi. Aliyemfanyia vile ni mimi, na pale shughulini nilikuwa peke yangu ninayejua.

Kilichotokea ni hiki. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa na bodi ya chuma ya amplifaya. Umeme ukivuja ndani, waya wa ethi huupeleka ardhini na fyuzi inakatika. Ukiuchomoa, umeme unabaki kwenye bodi na kwenye nyuzi, unasubiri njia. Maiki ilikuwa na ethi yake kupitia miksa. Njia ikawa mwili wa kijana wa watu, kutoka vidoleni hadi midomoni.

Najua mtasema, "Mbona siku zote tunapiga hivyo hivyo na hatufi?" Mwaka 1972 Les Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alishika maiki isiyo na ethi nzuri jukwaani Swansea, Wales, akafa. Mwaka 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa The Yardbirds, alikufa kwa gitaa la umeme akiwa nyumbani kwake. Hao walikuwa wazoefu kuliko sisi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mvumo ni taarifa, na taarifa haizimwi kwa kukata ethi. Mara nyingi unatokana na amplifaya na miksa kuchomekwa kwenye soketi zilizo mbali, au waya wa gitaa uliochoka. Badili waya kwanza. Kisha chomeka vyote sehemu moja, mradi soketi isizidiwe. Na fyuzi ikikatika, tia ya kiwango kile kile. Karatasi ya sigara si fyuzi, jamani.

Mengine ni matunzo tu. Kisiwani kwetu umeme kwa miaka mingi umetegemea jenereta za dizeli, si gridi ya taifa. Ukikatika, zima amplifaya, na ukirudi subiri utulie ndipo uwashe, sauti ikiwa chini. Hewa ya bahari ina chumvi, inakula jeki na pini. Chomoa umeme, futa kwa kitambaa kikavu. Usiifunike kwa kanga ikiwa inafanya kazi, eti ipendeze. Inahitaji kupumua. Spika ziendane na omu zilizoandikwa nyuma, na ziungwe kwa waya wa spika, usitumie waya wa gitaa. Ila ndani usiguse. Kapasita hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi, na kwenye amplifaya za vali chaji hiyo inaweza kuua. Hapo muite fundi.

Nimerudi chuoni nikakuta kwenye ukumbi wetu wa mazoezi plagi mbili hazina pini ya ethi. Naomba viongozi wa serikali ya wanafunzi wanunue kifaa cha kukata umeme unapovuja, kile cha miliampea 30, na kila bendi iwe na mtu mmoja wa kukagua plagi kabla ya shoo. Hadi hapo, ukiniona nimekataa kuwasha, usiniite mwoga. Niliwahi kusifiwa kwa ujasiri wa aina hiyo, na yule kijana bado sijamwomba radhi.