*KURA ZIKISHAHESABIWA, MGOMBEA ANAKWENDA WAPI?*



Vijiweni hapa Kanyenye swali ni moja: mbona wagombea urais wa upinzani wakishindwa hawaonekani tena? Wengi hujibu, "Wamenunuliwa." Sisi tunaona jibu hilo ni jepesi mno.

Edward Lowassa alijiunga na CHADEMA Julai 2015, Oktoba akapata kura zaidi ya milioni 6, Machi 2019 akarudi CCM. Bernard Membe alipokelewa ACT-Wazalendo Julai 2020. Uchaguzi ulipopita hakukaa. Walikuja na majina makubwa, mizizi hawakuwa nayo. Tabora tu wajukuu wa wapagazi: mzigo wa safari ndefu hapewi aliyejiunga na msafara jana.

Lakini hata wenye mizizi huondoka. Mwaka 2010 Dkt. Willibrod Slaa aliacha ubunge wa Karatu ili agombee urais, akaleta kura zaidi ya milioni 2. Mwaka 2015 nafasi akapewa Lowassa, naye Slaa akajiweka kando. 2017 akateuliwa balozi. Mwaka huohuo Mama Anna Mghwira, mgombea na mwenyekiti wa ACT, akateuliwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro. Aliyeshindwa urais hana ubunge, na matokeo yake hayapingwi mahakamani. Serikali ikimwita, chama kina nini cha kumpa?

Waliobaki walikuwa na kiti chamani. Freeman Mbowe alishindwa 2005, akabaki mwenyekiti hadi 2025. Tundu Lissu aligombea 2020 akiwa makamu mwenyekiti. 2025 akachaguliwa mwenyekiti. Ila kiti kisicho na utaratibu nacho ni hatari: Prof. Lipumba, mwana wa Ilolangulu mkoani kwetu, alijiuzulu uenyekiti wa CUF 2015, akaurudia 2016, chama kikapasuka.

Kwa hiyo tawi linapendekeza:

1. Mgombea urais awe mwanachama kwa miaka isiyopungua 3.
2. Akishindwa, awe mjumbe wa Kamati Kuu hadi uchaguzi unaofuata, kazi yake kuzungukia matawi.
3. Ujumbe huo uwe na mwisho, usigeuke urithi.

Tukikaa kimya, tutaletewa tena mgombea tusiyemjua, tumpigie kampeni kwa miguu na baiskeli zetu, kisha tumsikie redioni akiaga.

Maoni yapelekwe kwa katibu wa tawi kabla ya kikao kijacho. Tukikubaliana, yanapanda kata.

_Imetolewa na Uongozi wa Tawi, Kanyenye, Tabora._