Tazameni Jani Kabla ya Ua

Februari nchini Uingereza ni mwezi wa matope na giza la mapema, na jamaa zetu wengi walioko huko huona kuwa si wakati wa kuwatoa watoto nje. Sisi tunashauri kinyume. Ndio mwezi ambapo bustani kama Colesbourne Park, jimboni Gloucestershire, na Anglesey Abbey, karibu na Cambridge, hupokea wageni wanaofuata ua moja dogo jeupe, snodropu, lichomozalo hata penye theluji.

Mgeni huona weupe mtupu akadhani maua yote ni mamoja. Kumbe spishi zake hukaribia 20, na kuzipambanua huanza na jani. Galanthus nivalis, iliyoenea mno, ina majani membamba ya kijani-kijivu yanayochomoza yakiwa yamekabiliana kama viganja viwili vilivyokutanishwa. Galanthus elwesii ina majani mapana ya kijivu, moja likilizunguka jingine pale chini kama kanga iliyofungwa kiunoni. Galanthus woronowii hujizungusha vivyo hivyo, ila majani yake ni ya kijani king'aacho, hayana ukungu wa kijivu. Galanthus plicatus nayo kingo za majani zimekunjwa nyuma mfano wa pindo la kanzu.

Hapo ndipo mliinue ua kwa ncha ya kidole. Petali tatu za nje ni ndefu. Tatu za ndani ni fupi, zina alama ya kijani. Nivalis huwa na alama moja nchani, elwesii mara nyingi mbili. Lakini spishi hizi huchanganyika bustanini, na alama huhadaa kuliko jani. Petali zote sita zikilingana, basi hilo ni ua jingine, Leucojum.

Elwesii imepewa jina la Henry John Elwes, bwana wa Colesbourne, aliyeikuta karibu na Izmir, Uturuki, mwaka 1874. Na Uturuki ndipo penye jambo zito. Matunguu yake, yaani vile vitunguu vya chini ya udongo, yalichimbwa milimani kwa mamilioni yakauzwa Ulaya, hata mwaka 1990 biashara yake ikawekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES. Kwa hiyo mkitaka kupanda nyumbani, mwulizeni muuzaji kama matunguu yamekuzwa kitaluni au yametolewa porini. Asiyejibu waziwazi, mwacheni na mali yake.

Mwaka 2015 tunguu moja la aina adimu liliuzwa kwa zaidi ya pauni 1,300. Sisi tunaiona ni israfu. Bei za namna hiyo zimewavuta wezi bustanini.

Wazazi, washikeni watoto mikono. Tunguu hufanana na kitunguu kidogo, nalo ni sumu likiliwa, ingawa ndani ya mimea hii imo galantamini, dawa wanayopewa wagonjwa wa Alzheimer. Mtoto aliyeshika udongo anawe kabla ya kula.

Bustani nyingine hufunguliwa mwisho wa juma tu. Ulizieni siku kabla ya kuondoka. Nendeni mapema, kwani Alasiri huingia upesi na Magharibi katikati ya Februari huwa muda mfupi baada ya saa kumi na moja jioni.